Ombi Lililosikika Ploti Nzima

Leo msiniitikie amina haraka. Ngojeni nimalize, kwa sababu hasira nimekuja nayo ni ya kanisa hili, na mimi ni wa kanisa hili, kwa hivyo hakuna mgeni ametukanwa.

Wengi mnanijua. Mimi mzee wa Makongeni, nilitoka magharibi nikiwa kijana, nikaja kupanga mikebe kwa kiwanda hapa Thika. Mikono ilikuwa inanuka nanasi hata kwa mazishi. Lakini wacha hiyo. Uzeeni nikawa soja wa geti kule Ruiru, na asubuhi moja ya mvua nikateleza kwa ngazi, nyonga ikavunjika. Nikarudishwa nyumbani nilale chali. Mke wangu alishatangulia, watoto wako mbali wanatafuta. Choo ya ploti yetu iko mwisho wa korido. Nikawekewa ndoo.

Ndugu zangu, nawaambia, njaa mtu mzima huizoea. Ndoo haizoeleki. Jirani mmoja wa shifti ya usiku alikuwa anaimwaga akitoka kazini alfajiri, watu wakiwa wamelala. Hakuna aliyejua.

Ndipo mkaja kunitembelea. Mlileta unga na sukari, asanteni, nilikula. Lakini mmoja wenu, simtaji, akasimama mlangoni, mlango wazi, akaomba kwa sauti ya krusedi ya uwanjani: "Baba, mwangalie mzee huyu anayejisaidia kwa ndoo kama mtoto! Mwondolee aibu hii!"

Aibu gani? Hadi hapo ilikuwa chini ya kitanda na kifuniko chake. Ni yeye aliyeitoa nje. Nikasikia sufuria za majirani zimenyamaza, halafu mtu akacheka. Nanyi mkasema amina.

Kutoka siku hiyo nikaitwa Mzee Ndoo. Yule jirani naye wakamngoja kwa mfereji wa maji, wakamuuliza kanjo wa mji wamemwandika lini kazi ya kumwaga vyoo. Akaacha kuja. Simlaumu, ana bibi na jina lake. Nyinyi mkirudi kubisha nilijifanya nimelala. Nilikuwa nimeapa mtu wa kanisa hataingia kwangu tena, hata kama ni kufa nife peke yangu.

Basi Jumamosi moja, ndoo imejaa, nikasema nitaibeba mwenyewe. Gongo mkono huu, ndoo mkono huu. Kiburi cha wazee hicho, mnakijua. Korido ilikuwa na maji ya sabuni, wamama wote wako kwa mfereji wanafua. Nikaanguka. Yote ikamwagika mbele yao, na mimi nimelala ndani yake, nangoja kicheko.

Kulikuwa na mama anafulia watu nguo. Ni wa kanisa hili, huketi nyuma karibu na mlango, pengine hamjawahi kumwangalia. Akaacha nguo za watu kwa beseni, akafungua leso yake kiunoni, akapiga magoti akaanza kupangusa. Mmoja akauliza, ati hiyo ni nini inanuka hivyo?

Yeye akasema, bila kuinua kichwa, "Ni ndoo yangu. Nani atanipatia maji?"

Hakuna aliyecheka. Yule aliyeuliza ndiye aliyeleta maji. Halafu mama akaniambia, "Guka, shika bega." Hiyo ni babu kwa Kikuyu. Mimi Mluhya, sijawahi kuitwa guka na mtu. Nikashika.

Akawa anakuja kila asubuhi. Anaingia, anafunga mlango, ndipo anasalimia. Hakunisomea mstari hata mmoja. Nilipomwambia nitamtaja hapa, akaniambia, "Ukinitaja, guka, kesho ndoo utaimwaga mwenyewe." Basi sijamtaja. Msigeuke kuangalia nyuma.

Sasa natembea na mkongojo, mnaniona. Namshukuru huyo mama, na aliyeleta maji, na jirani wa alfajiri. Hata kwa unga nashukuru. Lakini mkienda kwa mgonjwa, fungeni mlango kabla hamjafungua mdomo. Na ndoo usiyoweza kuibeba, usiitangaze, hata kwa Mungu. Yeye alishaiona.

Yule aliyeniombea alikuja juzi kutaka nimsamehe. Nilimsamehe, na bado nina hasira, zote mbili zinakaa ndani yangu. Nikamwambia kuna nyanya mgonjwa kwa ploti yetu, naye ana ndoo, mimi gongo haliniruhusu. Akasema atakuja. Sijamwona bado.

Akija abishe pole pole. Tutamfungulia, halafu tutafunga.