Taarifa Niliyoiandika Upya Nainokanoka

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha salama siku ya leo. Wengi hapa Karatu mnanifahamu. Mimi ni Safari, yule afisa aliyekuwa akipita na pikipiki, na hapa kanisani nilikuwa nikiimba besi.

Ndugu zangu, nilikuwa mwongo wa kalamu. Sikuiba, sikulewa. Lakini kazi yangu ilikuwa kutembelea vijiji vya wafugaji kule juu Ngorongoro na kuandika taarifa. Njia ilikuwa mbaya na baridi kali, basi mara nyingi nilikaa mezani nikaandika habari za mahali ambapo sikufika. "Josho la kuogeshea ng'ombe linafanya kazi. Dawa ya kupe inatosha." Wakubwa walizipenda taarifa zangu, maana zilikuwa safi na hazikuchelewa. Kwa ajili ya sifa hizo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya utawala na sera za umma. Mke wangu, Mama Paulina, akabaki na watoto na shamba, akiniombea.

Chuoni nilisoma kwa bidii. Ulipofika wakati wa tasnifu, nikachagua kuandika juu ya huduma za mifugo, na ushahidi wangu mkubwa ukawa zile taarifa zangu mwenyewe. Mwalimu aliyenisimamia, mzee mmoja mpole, alizisoma zote. Akaniita.

"Ndugu Safari, hili josho la Nainokanoka uliliona lini?"

"Nimeliona, mwalimu."

"Nimeuliza lini."

Hakunigombeza. Alinirudishia kurasa zangu akasema, "Nenda ukalione, kisha urudi tuzungumze."

Nikarudi nyumbani, nikapanda lori la mahindi hadi njia panda kule juu, nikashuka, nikatembea kwenye ukungu. Njiani niliomba, na ombi langu lilikuwa baya: nilimwomba Mungu nikute josho linafanya kazi, ili uongo wangu ugeuke kweli. Ndugu zangu, hakunipa nililoomba, na leo namshukuru.

Josho lilikuwa kavu. Ukuta umepasuka, nyasi zimeota ndani, mbuzi wamejilaza humo wakikwepa upepo. Karibu yake palikuwa na boma la mama mmoja mjane, Mama Nasieku. Nilimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia, "Iko." Kiswahili alikijua, kwa kuuza maziwa kwenye maduka. Nikatoa karatasi zangu za maswali, nikamuuliza habari za ng'ombe wake.

"Ng'ombe wamekwisha," alisema. "Ndigana, ugonjwa wa kupe. Kupe walijaa masikioni mpaka ndama hawasikii ukiwaita. Mwenyekiti wetu alikwenda kuomba dawa, akaonyeshwa karatasi. Karatasi inasema dawa tunayo." Akanitazama. "Wewe ni mtu wa ofisi. Unamjua aliyeandika?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema simjui. Hakuna ambaye angenishuhudia. Lakini nilitazama zizi lake, kubwa, lenye ng'ombe wawili tu na ndama mmoja amekonda, mdomo wangu ukafunguka kabla sijapanga la kusema.

"Ni mimi, yeyo, mama yangu. Sikufika hapa. Niliandika nikiwa Karatu."

Nikadhani atanifukuza, na ingekuwa haki yake. Kisha akaketi juu ya kigoda, akavuta shuka lake mabegani.

"Toa kalamu," alisema. "Andika tena. Mimi nakaa hapa mpaka umalize."

Nikaandika huku machozi yananidondoka. Aliniambia nimsomee. Niliposoma kwamba mifugo kadhaa imekufa, akanikatiza: "Kadhaa ni nini? Walikuwa na majina." Akawataja mmoja mmoja, nami nikaandika. Nilipomaliza akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu, kikombe kimoja.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ng'ombe hawarudi. Lakini dawa inaweza kuja. Kunywa, uende."

Kwenye njia ya kurudi, nilipiga magoti nikamkabidhi Bwana kalamu yangu. Hofu niliyoibeba miaka mingi, ya siku nitakayoulizwa "lini", iliniacha. Haijarudi hadi leo.

Haikuwa rahisi. Niliwaandikia wakubwa wangu nikikana taarifa zangu, nikashushwa cheo. Mwalimu wangu nilimweleza yote, nikaanza tasnifu upya, nikamaliza kwa kuchelewa mwaka mzima. Lakini shahada ninayo, na kila ukurasa wake naweza kuusimamia. Dawa ilipelekwa, na josho likakarabatiwa. Mwezi uliopita nilikutana na Mama Nasieku mnadani, anauza dume lake. Alinishika mkono, akawaambia wenzake, "Huyu alikuja kwangu."

Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu yule, na mke wangu ambaye hakuchoka. Na wewe ndugu yangu uliyeketi hapa na jambo ambalo hutaki kuulizwa, usisubiri uulizwe. Mwambie Bwana leo, kisha nenda kwa yule uliyemkosea. Mimi nilikwenda nikiwa na hofu, nikakuta Yesu ametangulia kufika.