Hakuwa na Kiburi: Maisha ya Fundi Mkuu wa Mitambo ya Kufuma

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Kwa ushahidi wa mama yake, alizaliwa akisikia vizuri, jambo ambalo familia inaomba lizingatiwe.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya ufundi, akamaliza mwaka 1972 akiwa wa kwanza katika hesabu. Wanaodai alikuwa wa pili wanamchanganya na mdogo wake.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha kufumia, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Mitambo ilipiga kelele hata wafanyakazi wakaelewana kwa mikono, na aliyeziba masikio alichekwa. Marehemu hakutaka kuchekwa.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na mwandishi wa wasifu huu, mwalimu wa baiolojia, ambaye sasa ataeleza jambo lililoelezwa vibaya mtaani kwa muda mrefu. Sauti hupiga ngoma ya sikio, hupita kwenye vifupa vitatu, kisha huingia kwenye mfereji uliojiviringa kama gamba la konokono, uliojaa majimaji. Majimaji yakitikisika, vinyweleo vidogo mno huinama na kupeleka habari kwenye ubongo. Vya mlangoni hupokea sauti nyembamba, vya ndani kabisa hupokea nzito. Kelele huchakaza vya mlangoni kwanza, kama zulia linavyochakaa pale watu wanapoingilia, na kwa binadamu havioti tena. Upara wa kichwani marehemu aliufunika kwa kofia. Huu wa ndani hakuna aliyeuona.

Ndiyo maana aliwajibu wanaume wenye sauti nene, akawapita wanawake na watoto kama nguzo za umeme. Majirani wakamwita Mheshimiwa, na hawakuwa wakimsifu.

Jambo hili nusura livunje ndoa ya binti yetu. Siku wakwe walipokuja kuposa, mama wa kijana alisema, "Hujambo, mkwe?" Marehemu akaendelea kuitazama feni. Mumewe akasema, "Habari za hapa?" Marehemu akainuka, "Nzuri sana, bwana, karibuni." Yule mama alichukua mkoba wake. "Baba mtu anachagua wa kumjibu," alisema mlangoni. "Mwanangu haoi hapa." Binti yetu alijifungia chumbani.

Nilimpeleka marehemu kwa daktari wa masikio, akavishwa vifaa vya masikioni vya kupimia usikivu.

"Mzee, nikibonyeza unasikia?"

"Bonyeza kwanza."

"Nimeshabonyeza."

"Basi bonyeza tena, mwanangu, usiogope."

Sauti nzito alizisikia zote. Nyembamba, hata moja. Niliwafuata wakwe nyumbani kwao na kuwachorea sikio nyuma ya kalenda.

"Kwa hiyo kosa ni wembamba wangu?" aliuliza yule mama, ambaye kiti chake kilikuwa kimejaa. "Kwa hilo sijawahi kulaumiwa."

Alirudi kwetu wiki iliyofuata, akaishusha sauti mpaka mumewe akageuka kuona nani ameingia. "Hujambo, mkwe?"

"Sijambo, mama," marehemu akajibu papo hapo. "Siku ile mbona ulininunia?"

Harusi ilifanyika. Marehemu alinunuliwa kifaa cha sikio, lakini kilipiga mluzi uliosikiwa na watu wote isipokuwa mwenyewe, akakiacha.

Mwaka jana alianza kuugua moyo. Hospitalini, muuguzi mwenye sauti nyembamba ya kinanda aliandika kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Niliomba taarifa hiyo irekebishwe, na ilirekebishwa. Alifariki tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, akiwa ameshika mkono wangu, njia tuliyoelewana kwayo siku zote.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu, mdogo wake aliyekuwa wa pili katika hesabu, na mkwe wake, yule mama, ambaye tangu siku ile hajaipandisha sauti yake.

Kwa kila mwanamke aliyemsalimia akapitwa, na kila mtoto aliyesema shikamoo akatazamwa kama ukuta: jibu lenu lilichelewa, naomba mlipokee leo kwa niaba yake. Hatujambo. Nzuri. Marahaba, wanangu, marahaba.

Mwenyezi Mungu ampumzishe.