Mteremko Usiopandwa Mawaridi

Mheshimiwa Meya wa Thornshaw, waheshimiwa madiwani, Kamati ya Wapenzi wa Bustani, ndugu wageni waalikwa, nanyi watoto mnaonitazama kama mtu anayechelewesha mambo:

Leo ni Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025. Niliondoka mji huu mwaka 1966, kiwanda chetu cha pamba kilipofungwa, nikaenda kuishi kisiwani Tasmania, upande wa pili wa dunia. Ni miaka hamsini na tisa.

Mmenipa heshima ya kuifungua upya bustani ambayo babu wa babu yangu aliichimba kwa koleo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekata pamba iliyotoka kule, mitambo imenyamaza, na wafumaji wenye viganja laini wakapewa kazi ya kubeba mawe. Walitengeneza ziwa, jukwaa la bendi na njia za kupita mabibi wenye miavuli. Mchoraji wa bustani, Bwana Augustus Pell wa London, akaagiza mteremko huu wote upandwe mawaridi.

Bustani ikafunguliwa Jumatatu ya Pasaka, 1865. Nani alimshauri Meya wa wakati ule achague siku hiyo? Hotuba zilipokwisha, watu walitoa mifukoni mayai yaliyochemshwa kwa maganda ya vitunguu ili yapate rangi, wakayabingirisha hapa kama wazee wao walivyofanya kila Jumatatu ya Pasaka kabla bustani haijakuwapo, kisha wakayakimbilia katikati ya mawaridi. Mawaridi yalipandwa tena, yakakanyagwa tena. Hatimaye wakubwa walichoka, wakaotesha nyasi.

Mwaka juzi, fedha za ukarabati zilipopatikana, wafadhili walitaka kila kitu kirudi kama kilivyochorwa. Maana yake mnaijua: mawaridi mteremko mzima, na uzio wa chuma kuyalinda. Mbunifu wetu, Bwana Julian Carew, aliutetea mchoro ule kwa ufasaha, wala hakukosea kuupenda. Ni mzuri kuliko bustani nyingi nilizoziona.

Dada yangu Edna, aliyeketi pale mbele akinikodolea macho nifupishe, alinisimulia kwa simu mkutano wa mji ulioitishwa kuujadili mchoro huo. Ukumbi ulikuwa umegawanyika. Ndipo akasimama Bi Shazia Mahmood, mwenye duka la vitambaa. Alisema alipohamia hapa alikaa miezi bila mtu wa kumsemesha. Jumatatu moja ya Pasaka akaona watu wanapanda mteremko na mayai, naye akachukua lake, akaja na mwanawe. Wa kwanza kumsogelea alikuwa Edna, akamwuliza mama huyo:

"Mwanangu, hilo yai umelichemsha?"

"Kwani yanachemshwa?"

"Haya, liachie tuone."

Likaachiwa, likapasukia kwenye kiatu cha diwani. Tangu siku hiyo wawili hao hawaachani.

Bi Shazia akamgeukia mbunifu. "Kaka, ukishaweka uzio, mgeni mwingine atajuana na nani? Na mawaridi?"

Bwana Carew aliomba muda, akarudi na mchoro mpya: mawaridi chini, kando ya ukuta; mteremko wazi. Akawaandikia wafadhili kwamba nyasi hizi nazo ni historia, tena zimedumu kuliko mawaridi. Wakakubali. Namshukuru hadharani, kwa kuwa si rahisi msomi kufuta mstari alioupenda.

Bwana Pell aliichora bustani hii, wafumaji wakaichimba. Nani aliyeimaliza? Sioni aliyeimaliza, na hilo ndilo linalonifurahisha.

Mmenivumilia kwa masikio na kwa miguu, nawashukuru nyote. Edna, nalisema mbele ya watu ili usinibembeleze uwanja wa ndege: nina miaka themanini na minne, mke wangu amezikwa kule Tasmania, wajukuu wangu wako kule. Sitarudi tena hapa.