Mama Zabibu na Mvinyo wa Mapipa Matatu

Siku mkwe wake alipomwona kwa mara ya kwanza, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996, Mama Zabibu alionekana miguu tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndani ya pipa, akilisugua. Kijana alikuja kujitambulisha, lakini aibu ikamfunga mdomo pale mlangoni. Sauti ikatoka pipani: "Nani huyo? Kama ni mwizi, hapa hakuna kitu. Kama ni mchumba wa binti yangu, lete maji."

Akaleta maji.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mwashi na fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akaajiriwa kwenye duka la mikate. Huko ndiko pua yake ilikojulikana, maana alijua mkate unaungua kabla mwokaji hajajua. Tarehe 17 Aprili 1971 alifunga ndoa na mteja aliyekuwa akija kununua mkate mara tatu kwa siku. Kwao mteja huyo walikuwa na shamba dogo la mizabibu, na chini ya nyumba chumba cha mapipa. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Mumewe alitangulia mwaka 1989, na Mama akaendelea na kazi ya mvinyo.

Mvinyo wake mwekundu ulikuwa mchanganyiko wa zabibu za aina tatu, kila aina na pipa lake, na mapipa hayo aliyaita kama watu. Shangazi alikuwa mtamu, mwenye harufu ya kujaza chumba. Mzee alikuwa mweusi na mzito. Mkwe alikuwa mkali, anatiwa kidogo tu, lakini bila yeye wenzake walipooza. Majina hayo yalikuwepo kabla mkwe wa kweli hajaoa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mwezi wa pili wa ndoa yake, akiwa kwenye ngazi, alimsikia Mama huko chini akimwambia mwanawe wa kiume: "Mkwe ameharibika. Ananuka. Mtoe nje leo hii kabla hajaharibu wengine."

Mkwe akapanda taratibu, akaoga, akafungasha nguo. Mama alimkuta getini na sanduku.

"Safari ya wapi, baba?"

"Nimesikia, Mama. Nimeshaoga, lakini naona bora niende tu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Pipa, baba! Pipa! Rudi ndani unisaidie kumtoa."

Tangu hapo walifanya kazi pamoja, Mama akiongea kwa niaba ya wote wawili.

Novemba 2023 daktari alimkuta na uvimbe kooni. Matibabu yalimwondolea ladha na harufu, wakati mvinyo mpya ulikuwa tayari kuchanganywa. Mwanawe akasema kwa uchungu kwamba, kama Mama hawezi kuonja, heri kila pipa liuzwe lilivyo kwa kiwanda kikubwa, na mchanganyiko wa nyumbani uishie hapo. Mama akajibu: "Mkwe wangu achanganye. Akisema 'huu ndio' kwa mdomo wake mwenyewe, mtautia kwenye chupa. Akinyamaza, uzeni." Wanaomjua mkwe walikata tamaa, maana hata shati la kuvaa humuuliza mkewe.

Mama alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 23 Mei 2024, akiwa usingizini. Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne na dada yake mdogo. Tunamwombea pumziko jema, maana alichoka kwa haki.

Jana yake jioni, mkwe alimpelekea glasi kitandani. Mama akanusa, akaonja, akatikisa kichwa.

"Kwangu mimi ni maji ya bomba. Sema wewe."

Mkwe akatazama glasi, akatazama sakafu. Mwishowe akasema Mzee amezidi. Akashuka, akaongeza Shangazi na tone la Mkwe, akarudi, akanywa mbele yake.

"Huu ndio, Mama."

"Paza sauti. Mwanangu yuko jikoni."

"Huu ndio!"

Jikoni kikombe kikaanguka. Mama akafumba macho, akitabasamu.

"Sasa mbona bado umesimama? Kaoshe chupa."