Wote Tulimpa Dole Nurdin

Habari ilimkuta Shakiru kwenye benchi la kahawa pale Majengo, kikombe kikiwa mdomoni: Nurdin fundi cherehani kajitoa kwenye grupu la kijiwe. Hajaaga. Shakiru, anayejisifu kuwa shule aliiacha yeye kabla haijamwacha, akapaliwa. Nurdin ndiye pekee aliyebaki anaandika mambo marefu mle. Wengine siku hizi ni vikaragosi na dole gumba. Juzi tu katuma ujumbe mrefu kama mfereji wa shamba, wote wakampa dole.

— La kwanza langu, Shakiru akatamba. Hata sekunde haikuisha.

— Ulisoma lakini? akauliza Primus muuza ndizi, wanayemwita Profesa.

— Nilisoma salamu. Zilipofika “soma zaidi” nikamwachia mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Imeshaingia, we kunywa kahawa.

Profesa akashikilia kwamba Nurdin kaibiwa simu. Daniel, mpagazi wa mlimani, akasema kuna mtambo umeletwa, unawafukuza wenye maneno mengi. Shakiru akawapiku: Nurdin kaajiriwa na wenye mitandao, zile meseji za usiku kuwa umeshinda gari anazitunga yeye.

Hapo akasimama mbele yao mzee wa kanzu, vumbi la Kahe miguuni. Wakampa shikamoo. Akaitikia, akajitambulisha: mjomba wake Raya, yule binti ambaye Nurdin anataka kumwoa. Akaeleza taratibu kwamba jana ilikuwa siku ya posa. Nurdin alishawaahidi ukweni kwamba wenzake wote wamekubali kuja, kila mmoja kanyoosha dole, na mshenga ni Shakiru. Wakatandika mikeka, wakapika. Kijana akatokea peke yake, akakaa mpaka pilau ikapoa. Baba yake Raya hakuipokea posa.

Shakiru akatoa simu, akabonyeza pale alipopaacha. “Ndugu yangu Shakiru, wewe umejaliwa mdomo. Sina baba wala kaka. Naomba ukaniposee.”

Chini yake, dole lake.

— Shemeji yangu kanituma niulize neno moja tu, mzee akasema. Huyu kijana ana watu, au hana?

Profesa akamtazama Daniel. Daniel akamtazama Shakiru. Shakiru akafumbua mdomo, akaufumba. Muuza kahawa akabaki kainamisha birika, hamimini.

Mzee akangoja.