Mama Mabawa: Dada Aliyeukataa Msiba

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga. Miaka mitano baadaye akaja mdogo wake wa pekee. Mama yao alimfunga mtoto yule mgongoni mwa dada, na dada hakumshusha tena mpaka mtoto mwenyewe alipoanza kuona aibu.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege za jeshi. Ndege zikiruka, vikombe viligongana kabatini, watoto wengine wakaziba masikio, yeye akakimbilia dirishani. Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1970, akiwa na alama nzuri za hesabu na uchoraji. Alama za tabia tuziache zilivyo. Siku moja mwalimu wa jiografia alimpigia kelele, "Wewe binti, ubao uko huku!" Akajibu, "Nauona, Mwalimu, lakini ndege ya leo si ya jana. Hii imekatwa ncha za mabawa." Darasa zima likahamia dirishani, na mwalimu naye nyuma yao.

Mwaka 1973 jeshi la anga lilimwajiri katika chumba cha picha. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu, taa kali, kioo cha kukuzia na chai ambayo daima ilikuwa imepoa. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za ndege za kivita na kusema ni zipi. Wageni aliwaeleza hivi: ndege za aina moja zinaweza kutoka kiwandani na mabawa tofauti. Hili limerefushwa, hili limekatwa ncha, lile lina pengo dogo kwenye ukingo wa mbele. Ukilijua bawa, umeijua ndege, inabeba nini na ni ya nani. Wenzake wakambatiza Mama Mabawa, na jina likamganda. Hata harusini, wenzake wakila kuku, yeye alilipindua bawa kwanza.

Mume wake, fundi cherehani, alimpata kwa sare ya kazi. Dada alikwenda dukani kwake amekunja uso: "Fundi, bega la kushoto umelishusha." Fundi akamzunguka, akatazama, akasema kwa upole, "Dada, vua mkoba kwanza." Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978 wakajaliwa mabinti wawili na mvulana. Kwa miaka yote ya ndoa yao, kila walipobishana, fundi alimaliza kwa kusema, "Haya, vua mkoba," na dada akacheka hata alipokuwa hataki.

Mwaka 1984 familia hii haitausahau. Mdogo wake, wakati huo rubani, aliruka mchana vitani asirudi. Siku chache baadaye gazeti likatoa picha ya mabaki ya ndege porini, na maelezo chini yake yakataja kikosi chake. Ofisa akaja nyumbani, kofia mkononi. Viti vikapangwa uani, majirani wakajaa, baba akazima redio. Dada akaingia, akaomba lile gazeti, akatoa kioo chake mkobani. Watu walidhani uchungu umempanda kichwani, maana alilala juu ya ukurasa ule kama mtu anayetafuta sindano.

"Bawa hili lina pengo," akasema. "Ndege za kikosi chao hazina."

Baba mdogo akamjia juu. "Ndege imeanguka, binti! Itakosaje pengo?"

"Pengo la ajali haliwi pande zote mbili, mahali pamoja, ukubwa mmoja. Haya yametoka kiwandani. Gazeti limekosea, hii si ndege yetu."

Mama yake akamshika mkono. "Mwanangu, usinipe matumaini ya karatasi. Ukikosea, nitamzika mara mbili."

Hapo dada akaliinamia gazeti tena. Picha za gazeti zina ukungu, na alishawahi kukosea: kivuli cha mti alikiita tangi la mafuta, ofisi ikamcheka mwaka mzima. Akatazama bawa la kulia, la kushoto, la kulia tena. Kisha akasema, "Mama, mwanao hayumo humu," akaomba viti virudishwe kwa wenyewe.

Mume wake alimkuta jikoni analia. "Sasa unalia nini, na umesema yuko hai?"

"Aliyemo mle naye ana dada," akamjibu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Wapo waliomwita mwehu mbele yake. Kila asubuhi mama alimwuliza, "Bado hujakosea?" naye akajibu, "Bado, mama." Alijibu hivyo hata asubuhi ambazo yeye mwenyewe hakuamini tena. Hilo aliyelijua ni fundi peke yake, na ametusimulia jana tu.

Mdogo wake alikuwa ameishiwa mafuta, akatua barabarani upande wa adui, akakamatwa. Mateka walipobadilishwa akarudi nyumbani, ndevu zimefika kifuani. Dada hakumkumbatia. Alimgeuza mbele, akamgeuza nyuma, akasema, "Ndiye." Halafu akamchapa kofi la bega: "Na mafuta uliyamalizia wapi, mpumbavu wewe?" Ndipo akaanguka shingoni mwake, na hakuna aliyeweza kuwaachanisha.

Alistaafu mwaka 2007. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Hospitalini daktari alimwonyesha picha ya kifua chake, naye akaikagua kwa makini, akatangaza kwamba imewekwa kinyume, moyo uko upande usio wake. Daktari akamwambia, "Mama, ukinitazama, kushoto kwako ni kulia kwangu." Akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Basi kweli nimestaafu," alisema. Alituaga Jumanne iliyopita, tarehe 6 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, aliyemshonea gauni alilovaa leo. Watoto watatu, wakwe zake na wajukuu. Na mdogo wake, huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi hii. Tangu ratiba ya mazishi ilipotoka kwa mchapaji, ameishika picha ya jalada lake, akaikagua paji, macho, kidevu, kulia na kushoto, akitafuta kasoro moja tu ya kumwezesha kuwaambia nyote mrudi nyumbani. Hakuiona.

Ni yeye. Lala, dada. Upumzike kwa amani.