Mahali pa Staa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na ncha yake ya kulia, penye ukuta wa kuegemea, ni mahali pa Staa. Huyu ni mwigizaji wa zile filamu zisizo na kampuni, zinazopigwa sebuleni kwa mtu huku majirani wakiombwa wazime redio. Siku hizi hakai. Anapita, anapunga mkono, anakwenda zake, nasi imetuuma. Asubuhi ile Fundi Saa alifika akakaa hapo hapo kwenye ncha.

FUNDI SAA: Mgongo unaniuma. Yeye si anatupungia kama rais? Mahali hapa nipeni mimi.

KINYOZI: Taratibu, bwana. Kichwa cha filamu yake ya kwanza nilikinyoa mimi, tena bure. Alikuwa mwizi. Mwizi ana mdomo yule! Alimsemesha polisi mpaka polisi akamwomba radhi.

Profesa, tunayemwita hivyo kwa ajili ya miwani tu, akaweka kikombe chini.

PROFESA: Mfuatilieni kwa makini. Mwizi, maneno kibao. Akaja wakili, maneno nusu. Akaja mlinzi wa geti: “Nani?” Basi. Na hii ya juzi, baba anayesubiri hospitali, filamu nzima hajafungua kinywa.

FUNDI SAA: Kashushwa cheo.

KINYOZI: Kashushwaje, na sura yake ndiyo imejaa bango zima?

PROFESA: Ni mkakati. Filamu bila maneno unaiuza dunia nzima, hulipi mkalimani.

FUNDI SAA: Wapi! Kagombana na mwandishi. Mwandishi anamnyang'anya maneno kidogo kidogo, anamkomoa.

KINYOZI: Mimi nasema anayatunza. Kuna filamu kubwa inakuja, atahutubia mwanzo mpaka mwisho.

PROFESA: Anayatunza wapi, kwenye friji?

Tulicheka mpaka muuza kahawa wetu akamwaga kikombe alichokuwa anajaza. Profesa akataka tupige kura, Fundi Saa apewe mahali au asipewe. Mikono miwili ikapanda, na wa Kinyozi ulikuwa njiani.

Ndipo akatokea mke wa Staa, mkoba begani, anatembea haraka.

SHEMEJI: Habari zenu, shemeji zangu.

KINYOZI: Nzuri, shemeji. Mwambie mumeo aache maringo. Anatupita kama nguzo za umeme.

SHEMEJI: Maringo? Kesho anapasuliwa koo.

Mikono ikashuka.

SHEMEJI: Daktari anataka kujua sauti ilianza kumpotea lini. Mwenyewe anaficha, anaogopa hawatampa kazi tena. Nyumbani alikuwa ananong'ona, nikadhani anafanya mazoezi ya filamu. Nikasema niwaulize nyie, mlikuwa naye kila asubuhi. Mara ya mwisho kumsikia akiongea ilikuwa lini?

PROFESA: Kwenye ile ya mlinzi wa geti...

SHEMEJI: Hiyo ni filamu, shemeji. Nauliza hapa.

Profesa akavua miwani. Kinyozi akamtazama muuza kahawa, muuza kahawa akatazama birika. Fundi Saa aliinuka, akapangusa ile ncha ya benchi kwa kiganja, akabaki amesimama. Shemeji alikuwa bado anatusubiri.